Barua Niliyoikana

Karakana yetu ilikuwa Changamwe, nyuma ya maghala ya magunia, na kazi yake ilikuwa kuhudumia mitungi ya kuzimia moto, ile myekundu inayotundikwa ukutani katika maofisi na mahoteli. Kila mtungi uliletwa kwetu mara moja kwa mwaka. Ulifunguliwa, unga wa zamani ukamwagwa, ukatiwa mpya, ukapakwa rangi, ukafungwa waya mwembamba wenye kipande cha madini ya risasi ili ijulikane kwamba haujaguswa. Mwisho ulitundikwa kadi yenye tarehe. Mimi nilikuwa mwandishi wa kadi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane Likoni na sikuendelea mbele.

Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Mwandiko wangu ni mzuri kwa kuwa naandika polepole, herufi moja moja. Msimamizi wa karakana alizoea kunitania. "Huyu akianza kuandika tarehe ya leo," alisema, "akimaliza ni kesho." Wenzangu walicheka, nami nikacheka kidogo huku nimeinamisha kichwa. Sikuwa mtu wa kujibu. Hata salamu nilizijibu kwa sauti ya chini, mpaka watu wakaniuliza kama nimekasirika.

Meza yangu ilikuwa karibu na fundi wa rangi, mzee mmoja wa Junda niliyemwita ami ingawa hatukuwa ndugu. Yeye ndiye aliyeandika maneno makubwa juu ya mitungi: jina la kampuni, uzito, na namna ya kuutumia. Aliyaandika kwa vibati, vipande vya bati vilivyokatwa umbo la herufi, unaweka juu ya mtungi na kupitisha brashi. Vibati hivyo alivikata mwenyewe, kwa makopo ya mafuta ya kupikia, tangu karakana ilipofunguliwa. K yake ilikuwa imevunjika mguu, akauunga kwa risasi, ukabaki na pengo dogo kama la jino.

Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na la kushoto lilikuwa likilifuata. Mimi ndiye niliyemshikia kibati kikae sawa, naye akapaka. Hakuwahi kuniomba. Siku moja aliweka herufi juu chini, nikanyoosha mkono nikaigeuza, akasema tu, "Ahsante, mwanangu," na toka hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Hatukumwambia mtu. Fundi wa rangi asiyeona herufi hana kazi, na kwa umri wake hakuna karakana nyingine ambayo ingemchukua. Nyumbani alikuwa na mkewe tu. Watoto walikuwa wameoa na kuolewa, kila mmoja na mzigo wake.

Mwaka wangu wa pili mambo yalibadilika. Unga mpya ulikuja kwa magunia kama kawaida, ukalala stoo siku mbili, kisha stoo ikawa tupu na sisi hatujafungua gunia hata moja. Msimamizi alitwambia tusifungue mitungi. "Pangusa, paka rangi, funga waya," alisema. "Unga wa mwaka jana bado mzima." Aliyeuliza aliambiwa ahesabu watu waliosimama nje ya geti wakitafuta kazi. Basi mitungi ikaingia na kutoka, mizuri, inang'aa, na mimi nikaandika kwenye kadi: umejazwa, tarehe fulani. Nisijisingizie ujinga. Nilijua ninachoandika, kila kadi, na niliandika kwa mwandiko ule ule mzuri.

Kisha dada yangu mkubwa akajifungua. Alijifungulia katika zahanati moja ndogo ya upande wetu wa Likoni, chumba kimoja chenye vitanda sita na mapazia ya kitenge. Nilikwenda kumwona Jumapili na uji wa mama. Karibu na mlango, hatua tatu kutoka kwenye jiko la mafuta ya taa walilochemshia maji, ulitundikwa mtungi wetu na kadi yangu. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita. Niliushusha nikautikisa. Unga mzuri ukiutikisa unausikia ukitembea ndani kama mchanga. Huu haukusema kitu. Ulikuwa umeganda kama saruji.

"Wafanya nini na mtungi wa watu?" dada aliniuliza kitandani. "Njoo umwangalie mwana."

Nilimwangalia mwana. Alikuwa amelala, amefunga ngumi. Sikumbuki nilisema nini juu yake. Dada alilalamika baadaye kwamba mjomba mtu alikuja akaangalia ukuta.

Haukupita muda tajiri, mwenye karakana, alikuja kutoka mjini. Tulimwona mara mbili tatu kwa mwaka, mtu mpole, mwenye kuvua viatu hata akiingia stoo. Safari hii alileta kisanduku cha mbao kilichopakwa kijani, chenye tundu juu na kufuli, akakipigilia misumari kando ya mlango. Karani wake akatusomea tangazo. Mfanyakazi yeyote aliyeona ubaya katika kampuni, wizi au uonevu au uzembe, aandike aweke humo. Asiandike jina. Ufunguo ni mmoja, anao tajiri mwenyewe. Tajiri akaongeza kwa mdomo wake: "Siri yako ni siri yangu." Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake, amekunja mikono, anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Kwa wiki mbili watu walikitania kile kisanduku. Mchomeleaji mmoja wa bara aliweka humo ganda la ndizi, akasema hiyo ndiyo siri yake. Mimi nilikipita kila asubuhi bila kukiangalia.

Tatizo langu lilikuwa mwandiko. Kila mtu mle ndani aliujua. Mitungi yote ya pwani ilikuwa na mwandiko wangu shingoni. Nilifikiri kumwomba mtu aniandikie, lakini hapo siri ingekuwa ya watu wawili, na mimi kumwomba mtu kitu ni kazi kubwa kuliko kuandika. Ndipo nikaona vibati. Jumamosi tulifunga kazi adhuhuri, na ilikuwa desturi yangu kubaki nyuma kidogo kuvisafisha kwa mafuta ya taa, kwa sababu ami alikuwa akiwahi gari la Kisauni la kwenda kwao. Nilichukua karatasi na penseli, nikaanza kuzichora herufi kwa ndani ya vibati, moja baada ya moja. Ilinichukua Jumamosi tatu. Barua yote ilikuwa hivi: TAJIRI. MITUNGI HAITIWI UNGA. KADI NI ZA UONGO. MOTO UKITOKEA WATU WATAKUFA. FUNGUA MTUNGI WOWOTE.

Nilijiona mwerevu. Herufi hazikuwa za mkono wa mtu. Sikufikiri kwamba zilikuwa za mkono wa mtu, tena mmoja, aliyekaa kando ya meza yangu.

Tajiri alikuja, akafungua kisanduku, akaondoka na karatasi. Baada ya siku chache alirudi, akaingia ofisini na msimamizi, wakakaa karibu saa nzima. Kisha tajiri alitoka, akafungua mtungi mmoja kwa mkono wake mbele yetu sote, akaugonga chini, likadondoka bonge. Hakufoka. Alimwambia msimamizi kwamba toka leo kila mtungi upimwe kwenye mizani ukiwa mtupu, upimwe tena ukishajazwa, kabla ya kutoka, akaingia garini. Mimi nilikuwa nimeshika kadi, moyoni nafurahi. Nilifikiri jambo limekwisha.

Gari lilipotoka getini, msimamizi naye akatoka ofisini. Mkononi alikuwa na barua yangu.

Mpaka leo simlaumu tajiri sana, ingawa ndiye aliyempa. Nadhani aliona ni haki mtu asome anayosemwa, ajibu. Aliahidi kuficha jina, na jina halikuwemo. Hakufikiri kwamba karatasi yenyewe inaweza kuwa na uso.

Msimamizi aliichukua ile barua akaiweka juu ya mtungi uliokuwa umekauka rangi, K kando ya K. Pengo lilikuwa lile lile.

"Hizi herufi ni zetu," alisema. Akamtazama ami. "Mzee, bati hizi amezikata nani?"

"Nimezikata mimi."

"Na nani azitumia?"

"Zakaa mezani," ami alisema. "Hata paka azipita juu."

Watu walicheka, na kucheka kule kulimkasirisha msimamizi. Alisema hatamfukuza mtu kwa dhana, yeye si dhalimu. Kesho ataleta msahafu kutoka nyumbani kwake, na kila mtu ataapa. Asiyeapa atajulikana. Na atakayeapa uongo, akasema, basi atasomewa Halbadiri Ijumaa, na mkono ule alioandikia tutauona utakavyokuwa. Hapo hakuna aliyecheka. Halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mkosaji, kwetu si jambo la mchezo. Kila mtu anamjua mtu aliyesomewa, au anayemjua aliyesomewa.

"Sasa sisi wa kanisani tutaapa kwa nini?" mchomeleaji aliuliza. "Biblia yangu iko nyumbani, bara. Nipe nauli niifuate."

"Wewe utaapa kwa mama yako," msimamizi alisema.

Kesho yake msahafu uliletwa umefungwa kwa kanga safi, ukawekwa juu ya meza yangu, kwa sababu ndiyo pekee isiyo na rangi wala mafuta. Tulipelekwa mferejini, pale penye bomba, kutawadha. Ami alikuwa upande wangu, amekunja suruali. Nilikuwa naosha haraka haraka. Alisema bila kunitazama, "Tawadha vizuri. Masikio umeyaruka."

Nikayarudia masikio. Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa mepesi, maneno matatu tu, na maji yalikuwa yakipiga kelele, mtu mwingine asingesikia. Sikuyasema.

Kiapo alikitunga msimamizi mwenyewe. Kilikuwa na mafungu mawili: sikuandika barua ile, na simjui aliyeiandika. Wa kwanza aliapa, wa pili akaapa. Mimi nilikuwa wa tatu. Niliweka mkono wa kulia juu ya msahafu, nikasema, "Wallahi, wabillahi, watallahi, sikuandika barua ile wala simjui aliyeiandika."

"Sauti," msimamizi alisema. "Wamnong'oneza nani?"

Nikarudia kwa sauti. Kwa hiyo niliapa uongo mara mbili, na mara ya pili kila mtu alisikia.

Ami alikuwa nyuma yangu. Aliweka mkono, akauondoa.

"Fungu la kwanza naapa," alisema. "Sikuandika. La pili siapi."

"Kwa hiyo wamjua."

"Nimesema siapi. Sijasema namjua."

"Mzee, usinitie katika maneno. Mtaje, urudi kwenye rangi yako."

"Msahafu haukushushwa kwa ajili ya unga wako," ami alisema. Hakupaza sauti. "Na mimi si mtoto wa kutaja wenzangu."

Msimamizi alimwambia achukue vitu vyake. Vitu vyenyewe vilikuwa kikoi na chupa ya chai. Vibati aliambiwa aviache, ni mali ya karakana. Alipofika getini alitembea kwa kupapasa ukuta kidogo kwa mkono, kama ilivyokuwa kawaida yake mwangani, na mtu aliyekuwa kando yangu akasema, "Kumbe mzee haoni." Msimamizi akasema, "Basi hata hasara si kubwa."

Ami alikuwa anajua kwamba ni mimi. Nilikuja kufahamu baadaye alijuaje. Rangi inatoka kwa mafuta ya taa, lakini penseli inaacha mng'aro kwenye kingo za bati, na yeye kwa jicho lile alikuwa ameanza kuvijua vibati kwa kidole. Kidole chake kilikuwa kinatoka cheusi. Jambo hilo alilijua kwa wiki tatu, asinambie kitu.

Siku mbili sikula vizuri. Mama aliniuliza nina nini, nikamwambia jino. Aliniwekea karafuu kwenye ufizi, nikakaa nayo mdomoni. Halbadiri niliiogopa, siwezi kusema sikuiogopa, nilikuwa naangalia mkono wangu. Lakini kilichonikaa zaidi ni ami akipapasa ukuta.

Asubuhi ya tatu nilikwenda kwa msimamizi wenzangu wakiwa wamesimama wanagawiwa kazi. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima, toka Likoni. Nikasema, "Barua niliandika mimi. Ami hakuandika. Niliapa uongo."

Nilisema kwa sauti. Nina hakika ya hilo, kwa kuwa mchomeleaji aliacha kutafuna.

Msimamizi alicheka, na wengine wakaanza kucheka naye.

"Wewe?" alisema. "Wewe usiyejibu salamu ukasikika, ndiye uliyemwandikia tajiri?"

"Ni mimi."

"Sikia, kijana. Juzi uliapa kwa msahafu, mara mbili, sisi sote tukashuhudia. Leo waja kunambia uliapa uongo. Ama juzi ulimdanganya Mungu, ama leo wanidanganya mimi. Na mtoto wa Likoni, aliyelelewa kwao, hawezi kumdanganya Mungu mbele ya watu." Akawageukia wenzangu. "Au mwasemaje?"

Walisema, "Kweli." Mmoja akasema mzee amenituma, ameitumia huruma yangu. Mwingine akasema ni moyo mzuri, lakini nisirudie, kujitia kiapo cha uongo ni dhambi kubwa. Walinihurumia. Niliomba nionyeshe nilivyoandika, nichukue penseli na vibati pale pale. Msimamizi akasema kila mtu anaweza kuchora ndani ya bati, hata mtoto wa chekechea. "Nenda kaandike kadi," alisema, "mizani inasubiri."

Nikaenda. Na mitungi, kweli, ilikuwa inatiwa unga. Mizani ilikuwa mlangoni, karani wa tajiri alikuja kila wiki kuhakikisha, na mitungi ya mwaka ule yote ilirudishwa kufunguliwa upya, pamoja na ule wa zahanati. Kadi nilizoandika zilikuwa za kweli. Sijawahi kufanya kazi halali kama miezi ile, na sijawahi kuifanya kwa moyo mzito kama ule.

Ijumaa ya kwanza ilipita bila Halbadiri, kwani msimamizi alijiona amekwisha mpata mtu wake; ya pili, baada ya swala, nilikwenda Junda. Nyumba ya ami ilikuwa ya udongo na mabati, ukumbi wake umefagiliwa. Alikuwa amekaa mkekani anatengeneza redio kwa kupapasa. Mkewe aliniletea chai na mahamri, akakaa karibu na mlango.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Mwapima?"

"Twapima."

"Unga mwatia?"

"Twatia."

"Wa magunia mapya?"

"Mapya, ami."

Alitikisa kichwa, akaendelea na redio. Nilimwambia nilivyokwenda kwa msimamizi na nilivyochekwa. Yeye naye akacheka, cheko fupi la puani.

"Kakufunga vizuri," alisema. "Yule si mjinga, ni mwizi tu." Kisha akaacha kucheka. "Lakini mwanangu, bati zangu? Mji mzima huu hukuona kitu kingine cha kuandikia?"

"Sikufikiri, ami."

"Ulifikiri. Ulifikiri juu yako." Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Akaniambia kiapo changu kina kafara: nilishe masikini kumi, nisipoweza nifunge siku tatu. Alinitajia kama mtu anayemwelekeza mwenzake kipimo cha rangi.

Mkewe akauliza, "Ndiye huyu aliyeandika?"

Nilijibu mimi. "Ndiye mimi, mama."

"Na siku ya msahafu ulikuwa pale."

"Nilikuwepo."

"Basi ungesema siku ile, kabla hujaapa, wangekuamini. Leo mume wangu angekuwa kazini."

"Na huyu angekuwa nje," ami alisema.

"Yeye kijana," mkewe alisema. "Ana macho. Angepata kazi kesho."

Redio ilishika stesheni kidogo ikapotea. Ami aliigeuza, akatafuta tena ile sauti, hakuipata. Hakumwambia mkewe amekosea. Nilisubiri aseme, nikiangalia mahamri yaliyokuwa mbele yangu, mpaka nikafahamu kwamba hatasema, kwa sababu hakuwa amekosea.

Nilifunga siku tatu. Niliendelea kwenda Junda kila Ijumaa, mwaka huo na uliofuata, nikiwa na sukari au kilo ya mchele kutoka mshahara ule ule wa karakana. Ami alipokea, akaniuliza kuhusu unga, nikamjibu. Mkewe alinipokea mfuko mlangoni, akauweka ndani, akarudi kukaa pale pale, na hakuna siku aliyoniambia ahsante wala aliyoniambia nisije.